Kurekodi redio za mtandaoni kwa ffmpeg: uzoefu wangu

Niseme mapema, kwa anayetafuta kitufe chekundu cha kubonyeza: ffmpeg haina kitufe. Haina hata dirisha lake yenyewe. Unaandika amri kwenye lile dirisha jeusi ambalo wengi wetu tunalikimbia, unagonga Enter, mistari inaanza kushuka. Ni programu ya bure, ipo tangu mwaka 2000, na baada ya kuzunguka kwingi ndiyo niliyobaki nayo.

Ninachorekodi ni taarab. Kuna kituo kimoja kinachorushwa kutoka Unguja ambacho Jumamosi usiku hufungua kabati lake na kupiga rekodi za zamani, nyingine sijazikuta popote pa kununua. Kipindi kinaanza saa nne na kinakwenda hadi saa sita, muda ambao mimi nimeshalala. Basi kompyuta inarekodi, mimi nasikiliza siku nyingine nikiwa kwenye foleni.

Mwanzo nilitumia programu ya simu ya kulipia, jina nalihifadhi. Faili lilikuwa zito, limeandikwa kilobiti 320 kwa sekunde, lakini fidla zilitoka kama zinapigwa ndani ya ndoo na kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, ilipoteza mlio wake. Kisa chenyewe ni hiki. Kituo kinarusha sauti ambayo tayari imebanwa, aghalabu kwa MP3 au AAC, na kubana huko ni kutupa zile sehemu za sauti ambazo sikio linadhaniwa halitazikosa. Ile programu ilikuwa inaifungua sauti hiyo kisha inaibana upya. Kwa hiyo inatupwa mara mbili, na kilichotupwa kituoni hakirudi hata uandike 320 au 1000. Unachopata ni faili kubwa lenye sauti mbovu kuliko uliyoisikia hewani.

ffmpeg haifanyi hivyo ukiiambia isifanye. Amri yangu fupi ni hii:

ffmpeg -i KIUNGO -c copy -t 7800 taarab.mp3

Maneno yanayobeba kazi yote ni hayo mawili ya kati, -c copy. Maana yake chukua data kama inavyokuja, usiiguse. Ile 7800 ni sekunde, yaani saa mbili na dakika kumi, kwa sababu watangazaji wetu na saa hawajapatana vizuri. Kituo kikirusha kilobiti 128 kwa sekunde, saa moja inakula megabaiti 58 hivi za bando na za diski. Kikirusha 320 ni 144. Kompyuta haichoki hata kidogo, maana hakuna inachokokotoa. Laptopu ya zamani kabisa inatosha.

KIUNGO ndipo watu wengi wanapokwama. Kile unachobonyeza kwenye tovuti ya redio mara nyingi ni faili dogo la m3u au pls. Lifungue kwa Notepad, ndani utaona anwani halisi ya matangazo, hiyo ndiyo ya kunakili. Ikiishia na m3u8, ipe ffmpeg hivyo hivyo, inaielewa.

Mtandao wetu nao unajulikana. Kabla ya -i naweka -reconnect 1 -reconnect_streamed 1 -reconnect_delay_max 5, ili laini ikikatika ijaribu kurudi yenyewe. Haizibi pengo lililopita, ila haikuachi na dakika nane za kipindi cha saa mbili. Kuhusu umeme, hifadhi kwa mp3, au kwa aac kama kituo kinarusha AAC. Epuka m4a. Faili la m4a huandikiwa fahirisi yake mwishoni kabisa, kwa hiyo umeme ukikatika katikati unabaki na megabaiti mia ambazo hakuna kinachoweza kuzifungua. Faili la mp3 likikatwa njiani linapigwa hadi pale lilipofikia, basi.

Kurekodi ukiwa umelala kunahitaji cron kwa wenye Linux, programu inayoendesha amri kwa wakati uliopanga. Saa zake ni za Kizungu, kwa hiyo saa nne kasoro dakika tano usiku wa Jumamosi, dakika tano kabla ya kipindi, unaandika 55 21 * * 6, yaani dakika ya 55, saa 21, siku ya 6 ya wiki. Jina la faili libebe tarehe: taarab-$(date +\%F).mp3, na hiyo alama ya mkwaju kabla ya asilimia ni lazima, cron bila hiyo inavuruga amri nzima. Ukiacha jina moja tu, wiki ya pili ffmpeg itakuta faili lipo, itauliza iandike juu yake au la, na kwa kuwa hakuna wa kuijibu itajiondokea bila kurekodi chochote.

Sasa ubora. Hapa programu haina la kufanya, mwenye mamlaka ni kituo. Jambo ninalolipenda ni kulifungua faili kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, na kulitazama kwa mwonekano wa spektrogramu, besi chini na sauti nyembamba juu. Mara nyingi MP3 ya kilobiti 128 huonekana imekatwa kama kwa rula karibu na kilohetzi 16. Nimeona vituo vinavyojinadi kwa 320 vyenye mkato huo huo, dalili kwamba nyimbo zenyewe walizipakua zikiwa zimebanwa, wakazivalisha kanzu mpya. Kwa kituo cha namna hiyo unalipia bando mara mbili na zaidi bila kuongezewa chochote masikioni. Ukitaka kusikia tofauti ya kweli, Radio Paradise ya Marekani inarusha pia kwa FLAC, ambayo haitupi kitu. Ila andaa megabaiti 300 na zaidi kwa saa.

Streamripper, programu nyingine ya kurekodi redio za mtandaoni, nayo nakili yake ni safi, tena inakata kila wimbo faili lake kwa kufuata majina yanayotumwa na kituo. Kwa redio za muziki mtupu inafaa. Kwa taarab ya mtangazaji anayesimulia juu ya wimbo wa dakika kumi na tano, majina hayaji kwa wakati, au hayaji kabisa, ukajikuta na beti zilizokatwa katikati. Mimi naacha kipande kizima.

Mwenye simu ya Android tu ajaribu RadioDroid kutoka F-Droid, lile duka la programu huria, ni ya bure na inarekodi. VLC kwenye kompyuta pia inaweza, kwa asiyetaka kuandika amri. Zote nimeziweka, lakini kipindi cha usiku nakiachia ffmpeg. Na rekodi zangu haziendi kwenye vibanda vya kujaza nyimbo kwenye flashi. Wenye nyimbo hizo wengine bado wapo, na wanazidai.