Utabiri wa milipuko ya Jua wa SWPC: upimaji imara, utabiri wenye mipaka

Kituo cha SWPC, yaani kituo cha kutabiri hali ya anga za juu kilichoko Boulder, Colorado, nchini Marekani, hutoa bila malipo huduma ambayo mtumiaji yeyote wa redio ya masafa mafupi anapaswa kuijua, ingawa sehemu zake hazilingani kwa ubora.

Sehemu ya upimaji haina mfano. Grafu ya mionzi ya eksirei kutoka satelaiti za GOES husasishwa kila dakika, na mlipuko unapotokea mstari hupanda ghafla kisha hushuka taratibu, ukipita madaraja ya C, M na X, ambayo kila moja lina nguvu mara kumi ya lililotangulia. Lakini mionzi hiyo huchukua dakika nane hivi kutufikia, na mstari unapoanza kupanda, mawasiliano ya masafa mafupi kwenye upande wa dunia wenye mchana huwa yameshaanza kufifia. Hapo ndipo utabiri unapohitajika.

Utabiri wenyewe hutolewa mara mbili kwa siku, ukieleza kwa asilimia uwezekano wa milipuko ya M na ya X katika siku tatu zijazo. Namshauri msomaji asiishie kwenye asilimia hizo, bali afungue pia jedwali la kila siku la maeneo ya Jua yenye madoa meusi, ambako milipuko huanzia. Atakutana na herufi kama Fkc, zinazoeleza umbo la kundi la madoa, ambazo jedwali halizifafanui, na huo ni upungufu wa kweli kwa anayeanza. Akishajua kwamba F ni kundi refu kupita kiasi, k ni doa kubwa lisilo na ulinganifu na c ni kundi lililosongamana, ataelewa kwa nini asilimia zimepanda. Aangalie pia aina ya sumaku: beta-gama-delta, yaani ncha za sumaku zinazopingana zilizobanana ndani ya doa moja, ndiyo ya kuhofiwa.

Hata hivyo, asilimia ya mlipuko haisemi kama Jua litarusha wingu la chembe kuelekea kwetu. Oktoba 2014 eneo la madoa namba 12192 lilitoa milipuko sita ya X bila mawingu makubwa, ilhali Mei 2024 mawingu ya eneo 13664 yalileta dhoruba ya sumaku, yaani msukosuko wa uga wa sumaku wa dunia, ya daraja la juu kabisa, G5. Kwa hiyo anayejali dhoruba asome utabiri wa dhoruba, ambao kituo hicho hicho huutoa kando.