Kloni au Kompyuta ya Chapa? Uzoefu Wangu wa Miaka Minne Dukani

Mwaka 2020 nilifungua duka la steshenari jijini Mwanza, nikanunua kompyuta mbili za mezani kwa kazi ileile ya kuchapa barua, kutoa nakala na kuwajazia wateja fomu za mtandaoni. Moja ilikuwa ya kampuni yenye jina kubwa, ambalo sina haja ya kulitaja. Nyingine ilikuwa kloni, yaani kompyuta iliyoundwa na fundi kwa vipuri vya watengenezaji mbalimbali. Ya chapa ilinigharimu shilingi 1,350,000, na kloni shilingi 870,000, zote bila skrini. Prosesa zao, yaani chipu zinazofanya hesabu zote, zilikuwa za kizazi kimoja, lakini kloni ilikuwa na RAM (kumbukumbu ya kazi inayoendelea) ya GB 8 na diski ya SSD, ambayo haizunguki na ina kasi zaidi, ilhali mwenzake ilikuja na GB 4 na diski ya kawaida ya kuzunguka, kwa hiyo kwa kasi hazikulingana tangu siku ya kwanza.

Wapo wanaodhani kloni ni bidhaa bandia, na hilo si kweli. Jina hilo lilitokana na kompyuta zilizotengenezwa ili zioane na IBM PC, kompyuta ya kampuni ya IBM ya mwaka 1981, na Compaq, kampuni ambayo baadaye ilihesabiwa miongoni mwa chapa kubwa duniani, ilianza kwa kutengeneza kompyuta za namna hiyo.

Tofauti iliyonigusa zaidi niliiona mwaka wa pili, jioni moja umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu, ukaunguza pawa saplai, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, za kompyuta zote mbili. Kloni ilitumia pawa saplai ya kiwango cha ATX, kilichowekwa na Intel mwaka 1995, ambacho matundu yake ya skrubu na plagi yake ya pini 24 hufanana kwa watengenezaji wengi. Fundi alinunua nyingine mtaa wa pili kwa shilingi 65,000, na kesho yake asubuhi nilikuwa kazini. Ile ya chapa ilikuwa na pawa saplai ya umbo lake yenyewe na plagi ya pini chache, isiyopatikana katika duka lolote nililoulizia. Nilisubiri siku 19 hadi ilipoletwa iliyokwisha kutumika kutoka Dar es Salaam, kwa shilingi 180,000, na wakati huo ulikuwa msimu wa wanafunzi kuomba mikopo ya elimu ya juu, foleni ikifika barazani.

Hata hivyo, kloni nayo ilikuwa na kasoro zake. Pawa saplai ya kwanza aliyoniwekea fundi iliandikwa wati 500, lakini ilikuwa nyepesi mkononi kama kopo tupu, nami naamini kama ingekuwa ya ubora, isingeungua kirahisi vile. Vilevile ilikuja na Windows isiyo na leseni, jambo ambalo sikukubali kuendelea nalo, kwa kuwa napokea vyeti na taarifa za siri za watu. Leseni halisi ya Windows Home kutoka Microsoft ni dola 139, sawa na takriban shilingi 320,000 za wakati ule, wakati ile ya chapa ilikuwa na leseni yake tayari. Hivyo nafuu ya shilingi 480,000 ilibaki 160,000, na anayelinganisha bei bila kuhesabu leseni anajidanganya.

Kwa ofisi yenye kompyuta nyingi na mkataba wa matengenezo, ningependekeza za chapa bila kusita. Kwa duka kama langu, ambalo siku moja ya kusimama ni siku bila mapato, kloni imenifaa zaidi. Mwaka 2024 niliongeza ya tatu, kloni pia, ila safari hii nilichagua pawa saplai mwenyewe, yenye alama ya 80 Plus, inayothibitisha kwamba haipotezi umeme mwingi, na kabla ya kulipa nikamtaka fundi aandike kwenye risiti jina la kila kipuri, namba yake na muda wa dhamana.