Magemu mapya na ya zamani kwenye Linux, laptopu ya kawaida kabisa, hapa Chuga, yaani Arusha (uzoefu wangu)

Wadau habari zenu. Kuna machalii wananiuliza sana kama kwenye Linux mtu anacheza gemu za maana au ni zile za karata na nyoka tu, sasa mi Linux Mint (aina mojawapo ya Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows) ndo ninayoitumia kila siku na gemu zote nachezea humo, kwa hiyo naandika ninachokiona kwa macho yangu, sio nilichosimuliwa.

Mashine ni ThinkPad T470, prosesa ni Intel i5 ya kizazi cha 7, grafiki ni ile ya Intel iliyomo humo humo ndani (HD 620), hakuna kadi ya pembeni. Nimeichukua hapa hapa Arusha mjini kwenye maduka ya laptopu zilizotumika, na najua wengi wenu mnazo hizi hizi. Tatizo lake mnalijua, Microsoft wamesitisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 kwa utaratibu wao inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, T470 ikaachwa nje wakati mashine bado nzima, kibodi tamu, betri mbili, umeme ukikatika unaendelea na mechi yako. Kutupa mashine kama hii mi naona ni dhambi kabisa.

Nianze na za zamani maana huko ndo raha yenyewe ilipo. PES 6 ya PS2 naicheza kwa emuleta (programu inayoiga mashine ya gemu) ya PCSX2, BIOS, yaani ile programu ya kuwashia PS2, unatoa kwenye PS2 yako mwenyewe na CD yako unaigeuza faili, alafu kwenye mipangilio ya picha unachagua Vulkan, njia ambayo programu inatumia kuiamuru grafiki ichore. Ukiacha picha kwenye ukubwa wake wa asili mechi inatembea dakika zote bila kukwama, ila ukipandisha mara 3 ili ipendeze hapo HD 620 inazidiwa, wachezaji wanakimbia kama wako kwenye matope na sauti ya mtangazaji inavutika mpaka unaizima. Mi naiacha ya asili. Wikiendi wadogo zangu na majirani wa huku Sakina wanajaa sebuleni, padi mbili, anayefungwa anapisha, na hakuna hata mmoja ameshawahi kuniuliza hii kompyuta inatumia mfumo gani.

Za DOS, ule mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, ndo rahisi kabisa. Unaweka DOSBox, folda ya gemu unaiunganisha kama diski C, unaandika jina la gemu, imeisha. Prince of Persia ya 1990 inafunguka sekunde hiyo hiyo. Kitu kimoja tu ujue, gemu nyingine za enzi hizo ziliandikwa kwa kutegemea kasi ya kompyuta ya wakati ule, kwa hiyo ukiona mambo yanakimbia mbio za ajabu bonyeza Ctrl na F11 kupunguza kasi, Ctrl na F12 kuongeza, unabonyeza taratibu mpaka mwendo ukae sawa.

Alafu kuna hili ambalo watu hawaliamini. Gemu nyingi za Windows 95 na 98 zina programu ya kusakinishia (installer) ya biti 16, na Windows ya biti 64 haifungui kabisa vitu vya biti 16, unaweka CD inakujibu kwamba programu haiendani na kompyuta yako. Kwenye Linux kuna Wine, programu ya kuendeshea vitu vya Windows, na hiyo inazifungua. Yaani gemu ya Windows inagoma kwenye Windows mpya alafu inakubali kwenye Linux! Kama una kisanduku cha CD za zamani nyumbani usikitupe.

Sasa hizi mpya. Kinachofanya kazi hapa kinaitwa Proton, Valve, wenye duka la gemu la mtandaoni la Steam, waliitoa 2018 ndani ya Steam hiyo, imejengwa juu ya Wine ambayo ni mradi wa tangu 1993. Hakuna Windows iliyofichwa humo ndani, gemu inapotoa amri za picha kwa DirectX, lugha ya Windows, kuna kipande kinaitwa DXVK kinaigeuza papo hapo kuwa Vulkan ambayo Linux inaielewa, ndo maana kasi haipotei sana. Na Valve wanalihangaikia kweli kwa sababu Steam Deck, mashine yao ya gemu ya kushika mkononi waliyoitoa 2022, inatumia Linux, gemu zikigoma huko biashara yao inaumia. Sisi wa laptopu za mtumba tunafaidi jasho hilo hilo.

Kwangu GTA V, ile iliyotoka kwenye kompyuta mwaka 2015, upande wa stori, inachezeka nikishusha kila kitu chini na skrini nikiiweka 720. Euro Truck Simulator 2 hata Proton haihitaji, ina toleo lake la Linux, vivyo hivyo Stardew Valley na Hollow Knight, hizi mbili ni nyepesi na zinaenda freshi sana. Gemu kubwa za miaka hii sahau, hapo usiilaumu Linux, ni grafiki, ukirudisha Windows kwenye mashine hii utakwama vile vile. Kabla ya kununua gemu nenda kwenye tovuti ya ProtonDB, watu wanaandika kila gemu imewaendeaje na kwenye mashine ya aina gani, mi siku hizi sinunui bila kupita pale.

Kama yako ni ya kizazi cha 4, zile T440 na wenzake, sikiliza vizuri: Vulkan kwenye hizo chipu haijakamilika na DXVK kuanzia toleo la 2.0 inadai Vulkan 1.3, kwa hiyo gemu itawaka alafu ijizime. Ndani ya Steam bonyeza kulia kwenye jina la gemu, ingia kwenye propatizi, kwenye kisanduku cha kuandikia amri za kuwashia weka PROTON_USE_WINED3D=1 %command% na hapo itapitia OpenGL, njia ya zamani zaidi ya kuchora picha, badala ya Vulkan. Inakuwa nzito kidogo ila za zamani zamani zinakubali.

Ushauri ninaoupa uzito kuliko wote ni RAM. Hii grafiki ya Intel haina kumbukumbu yake, inakula RAM ya mashine, na T470 ina nafasi mbili. Yangu ilikuja na kipande kimoja cha GB 8, nikaongeza kingine cha GB 8 na gemu zikabadilika kabisa, sio kwa sababu ya wingi tu, ni kwa sababu vipande viwili vinasoma kwa pamoja na grafiki inapata njia pana zaidi. Kabla hujawaza kubadilisha mashine fanya hili kwanza.

Kuhusu bando, Steam kuanzia 2023 ina uwezo wa kuhamisha gemu toka kompyuta moja kwenda nyingine mkiwa Wi-Fi moja, mwenzako akiwa nayo tayari wewe humalizi GB zako. Pia ile ya kushusha sheda (vifaili vya kuandaa picha za gemu) kabla ya gemu kuwaka unaweza kuizima kwenye mipangilio, inakula data kimya kimya, ila ukiizima tegemea gemu kushtuka shtuka kidogo unapoingia sehemu mpya. Na gemu usiziweke kwenye diski ya NTFS (mpangilio wa diski wa Windows) uliyorithi toka Windows, Proton inasumbua sana humo, weka kwenye ext4 ambao ni mpangilio wa Linux.

Padi za PS4 zinakubali zenyewe bila kutafuta draiva, kwa waya au Bluetooth. Za kopi inategemea, jaribu dukani kabla hujalipa.

Kwenye gemu za onlaini ndo kuna ukuta, na hapa siwadanganyi. Valorant na Fortnite haziingii, EA Sports FC haziwaki, na sababu sio nguvu ya mashine, ni zile programu za kuzuia uchakachuaji ambazo wenyewe hawajaziruhusu kwenye Linux. Apex Legends ilikuwa inakubali wakaifunga mwishoni mwa 2024, na GTA Online nayo wakaizuia mwaka huo huo. Inaniuma kwa kweli maana uwezo upo, ni ruhusa tu. Dota 2 na Counter-Strike 2 ziko wazi, ila Counter-Strike kwenye HD 620 utateseka.

Kwa hiyo kama maisha yako ni FC onlaini na washkaji, usihame. Kuna chalii wangu mmoja wa Njiro yuko hivyo, tumemgawia diski mara mbili, Windows huku na Mint huku, mechi za onlaini anawashia upande mmoja na mengine yote anafanyia upande wa pili.