Hifadhi ya spektra ya Sloan kwa jicho la mpimaji wa madini wa Lubumbashi

Kwa miaka mingi kazi yangu hapa Lubumbashi imekuwa kupima mawe ya watu. Mtu analeta gunia la malakiti, tunalisaga, tunaliyeyusha kwa asidi, tunalipitisha kwenye mashine inayosoma mwanga wa shaba na wa kobalti, kisha tunampa karatasi yenye namba, na namba hiyo ndiyo itakayoamua kama atarudi nyumbani anacheka au amenuna. Kwa hiyo nilipoanza kutumia hifadhi ya spektra (yaani mwanga wa nyota na galaksi uliotawanywa kwa rangi zake) ya Sloan Digital Sky Survey, mradi wa kupima anga kwa darubini, hifadhi ambayo iko wazi kwa yeyote mwenye intaneti, sikuiendea kama mtu anayetafuta picha nzuri za nyota. Niliiendea kama maabara: sampuli zao zilichukuliwaje, namba zao zinatoka wapi, na nikipima upya mwenyewe nitapata nini? Tathmini hii inahusu kazi moja tu niliyoifanya humo, yaani kupima kiasi cha oksijeni katika galaksi kibete zilizo maskini wa metali.

Neno metali lenyewe linahitaji tahadhari. Wanaastronomia huita metali kila elementi iliyo nzito kuliko heli, hata oksijeni, jambo ambalo masikioni mwa mtu wa Katanga ni karibu na kuuita mchanga shaba. Wana sababu zao. Hidrojeni na sehemu kubwa ya heli zilikuwapo tangu mwanzo wa ulimwengu. Karibu vyote vingine vilipikwa baadaye na nyota. Galaksi ndogo ambayo haijapika sana imebaki karibu na mchanganyiko wa kwanza, na ndiyo maana watu huzitumia galaksi hizo hata kukadiria heli ya mwanzo, ambayo ni takriban robo ya uzito wa maada yote ya kawaida. Iliyo mashuhuri kuliko zote ni I Zwicky 18, ambayo mwaka 1972 Leonard Searle na Wallace Sargent walionyesha kwamba gesi yake ina oksijeni kidogo mno. Iko umbali wa takriban miaka ya mwanga milioni 59, katika kundi la nyota la Dubu Mkubwa. Kutoka hapa Lubumbashi haipandi juu ya upeo wa kaskazini hata nyuzi 24, na kwa macho matupu haionekani kamwe, popote ulipo. Hifadhi ya Sloan imeniondolea tatizo hilo.

Nianze na sampuli, kwa kuwa mpimaji yeyote huanzia hapo. Mwanga ulikusanywa na darubini yenye kioo cha kipenyo cha mita 2.5 huko Apache Point, New Mexico, Marekani. Kwa kila sehemu ya anga walitoboa bamba la alumini, tundu moja kwa kila galaksi au nyota waliyoitaka, kisha mafundi wakachomeka kwa mikono nyuzi za kioo katika matundu hayo, 640 kwa kila bamba katika mashine ya kwanza na 1000 katika ile iliyoanza kazi mwaka 2009. Kila spektra inatambulika kwa namba tatu: namba ya bamba, siku ya upimaji, na namba ya uzi. Nilipoliona jambo hilo nilitabasamu peke yangu. Nimewahi kupokea mifuko ya sampuli ambayo haina hata tarehe, na mwenye mali anasimama mbele yangu akiapa kwamba anakumbuka shimo ilikotoka; hapa kuna mamilioni ya sampuli na kila moja ina cheti chake cha kuzaliwa.

Kuchukua faili ni rahisi kuliko nilivyotarajia. Unaitafuta galaksi kwa jina au kwa mahali pake angani, unafungua ukurasa wake, unapakua faili ya spektra. Hakuna malipo, na kwa faili moja moja hakuna hata kujiandikisha. Faili ni nyepesi, kwa hiyo mega za kawaida za simu zinatosha, na hilo ni muhimu katika mji ambapo mtu hupanga kazi yake ya kompyuta kwa kufuata saa za umeme. Anayetaka kuchuja maelfu ya galaksi kwa pamoja atalazimika kujifunza kuandika maswali ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata; mimi nilijifunza kwa kunakili mifano yao na kubadilisha namba, na sioni aibu kulisema. Kurasa nilizotumia ni za Kiingereza, na vijana wetu waliosoma kwa Kifaransa watahitaji mtu wa kuketi nao siku ya kwanza.

Kabla ya kuiamini maabara yoyote, mimi huipelekea jiwe ambalo namba yake naijua tayari. Katika spektra hizi jiwe hilo limo ndani ya mwanga wenyewe. Ayoni ya oksijeni iliyopoteza elektroni mbili hutoa mistari miwili ya kijani, mmoja kwenye angstromu 4959 na mwingine 5007 (angstromu ni kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga, mita moja ina angstromu bilioni 10), na kwa kuwa yote miwili huanzia kwenye ngazi ileile ya atomu, wa pili lazima uwe na nguvu karibu mara 3 ya wa kwanza, kila mahali, kila siku. Nilipima katika galaksi kadhaa nikapata karibu 3, tofauti ikiwa ndani ya kelele ya spektra yenyewe, yaani mtikisiko wa bahati nasibu wa kila kipimo. Nikaupokea mzani wao.

Hiyo mistari ya kijani, kwa njia, ilisumbua watu kwa zaidi ya miaka 60. William Huggins aliiona mwaka 1864 katika nebula, yaani wingu la gesi angani, hakuna elementi ya duniani iliyolingana nayo, ikadhaniwa ni elementi mpya na kupewa jina la nebuliamu, mpaka Ira Bowen alipoonyesha mwaka 1927 kwamba ni oksijeni tu, iliyo katika gesi nyembamba kiasi ambacho maabara zetu haziwezi kukifikia. Mimi humweleza mwanafunzi jambo hili kwa mbabula ya mama yake: chumvi ikimwagika kwenye makaa, mwali unageuka njano, na hiyo ni sodiamu inajitaja jina. Shaba nayo hujitaja kwa kijani.

Sasa kazi yenyewe, na hapa ndipo hifadhi inapomtenga mvivu na mwenye subira. Kuona oksijeni hakutoshi kujua kiasi chake, kwa sababu nguvu ya mstari inategemea pia joto la gesi. Oksijeni ndiyo dirisha ambalo gesi hutolea joto lake. Galaksi yenye oksijeni kidogo ni kama nyumba ya bati yenye dirisha moja, ndani kunachemka. Katika I Zwicky 18 joto la elektroni linakaribia nyuzi 20,000. Kipimajoto chenyewe ni mstari wa tatu wa ayoni ileile ya oksijeni, ule wa angstromu 4363, ambao huhitaji elektroni zenye kasi kubwa zaidi ili uwake. Unagawanya nguvu ya 4363 kwa jumla ya 4959 na 5007, unapata joto, na kutoka joto unapata idadi ya atomu.

Tatizo ni udogo wake. Fungua spektra kwenye kioo cha kompyuta: mstari wa 5007 umesimama kama bomba la moshi la Gécamines, kampuni yetu ya madini, hauwezi kuukosa hata ukiwa umesinzia. Shuka upande wa buluu hadi 4340, utakuta mstari wa hidrojeni, wa wastani, kama kichuguu kikubwa cha barabara ya Kipushi. Pembeni yake, mahali ambapo jicho lingepita tu, kuna kichuguu kidogo ambacho hakijaota hata nyasi. Ndicho 4363. Katika galaksi tajiri hakionekani kabisa, kwa sababu gesi yake ni baridi mno. Katika galaksi maskini kinaonekana, lakini namba yote utakayoandika kwenye cheti imekalia hapo.

Nilipoteza jioni mbili kwa kosa langu mwenyewe. Mistari yangu yote ilikuwa imesogea kidogo, karibu angstromu 1.4 kwenye ule wa 5007, hata baada ya kuondoa msogeo unaotokana na galaksi kutukimbia. Nililaumu hesabu, nikalaumu kompyuta, mpaka niliposoma maelezo ambayo nilipaswa kuyasoma kwanza: hifadhi hii huandika urefu wa mawimbi kama ulivyo katika ombwe, wakati namba tulizozizoea vitabuni ni za hewani. Limeandikwa wazi. Soma kabla hujaanza.

Kwa hesabu ya mwisho nilitumia PyNeb, programu ya bure inayoendeshwa kwa lugha ya kompyuta ya Python, ambayo unaipa uwiano wa mistari nayo inakupa joto na wingi wa ayoni. Kwanza nilisahihisha vumbi kwa kulinganisha mistari miwili ya hidrojeni, mwekundu na wa buluu, ambao katika gesi ya joto hili hupaswa kuwa na uwiano wa karibu 2.75; ukizidi hapo, ni kwa sababu mwanga wa buluu umeliwa na vumbi. Kwa I Zwicky 18 nilipata 7.2 katika kipimo wanachokitumia wanaastronomia (logi ya idadi ya atomu za oksijeni kwa kila atomu ya hidrojeni, ukiongeza 12), na thamani inayokubalika ni takriban 7.17. Kwa lugha ya duka letu, hizo ni atomu 15 za oksijeni kwa kila atomu milioni za hidrojeni, wakati Jua lina takriban 490. Jiwe lenye shaba ya kiwango hicho lisingeshushwa hata kwenye lori. Binti wa ndugu yangu, anayesoma kemia, aliangalia namba ile akauliza: «Papa, sasa hiyo nusu kijiko tumeipimaje kutoka mbali hivyo?» Nilimrudisha kwenye kichuguu.

Udhaifu sasa, nao ni wa maana. Uzi mmoja wa mashine ya kwanza uliona duara dogo la angani lenye kipenyo cha sekunde 3 za tao (nyuzi moja ina sekunde 3600 za tao), nayo galaksi ya karibu ni pana kuliko hapo mara kadhaa. Ni sawa na mtu kuchota mkono mmoja juu ya lori la tani 30 na kukwambia hiyo ndiyo namba ya lori. Sisi tunamwaga rundo, tunalisawazisha, tunaligawa mara nne, tunatupa robo mbili zinazotazamana, tunarudia. Hapa huwezi. Unapima doa linalong'aa zaidi, na useme wazi kwamba umepima doa.

La pili linahusu rangi. Mashine ya kwanza ilianza kusoma kwenye angstromu 3800, lakini oksijeni iliyopoteza elektroni moja hutoa mistari yake mikuu kwenye 3727. Galaksi za karibu, ambazo ndizo tunazozitamani, zinaupoteza mstari huo kabisa. Hurudi kwenye picha pale tu galaksi inapokuwa mbali kiasi cha mwanga wake kunyooshwa kwa asilimia 2 hivi. Njia ya kukwepa ipo, kwa kutumia mistari dhaifu ya 7320 na 7330, na katika galaksi maskini ayoni hiyo huwa sehemu ndogo ya oksijeni yote. Lakini anayechagua faili achague ya mashine ya 2009 inapopatikana, kwa kuwa yenyewe huanzia 3600.

La tatu ndilo linalonikosesha usingizi. Kelele ikiongeza kichuguu cha 4363 kidogo tu, joto unalolipata linapanda, na oksijeni inashuka. Kwa hiyo anayechuja maelfu ya spektra akitafuta galaksi maskini kuliko zote atavuna kwa wingi zile ambazo kelele imezifanya maskini. Waliofanya vizuri wamelijua hilo: galaksi J0811+4730 ilichaguliwa kutoka hifadhi hii hii, lakini namba yake ya 6.98, iliyochapishwa mwaka 2018, ilipimwa upya kwa Large Binocular Telescope ya Arizona, yenye vioo viwili vya mita 8.4 kila kimoja. Sloan iliwapa jina la shimo. Cheti walikitafuta kwingine.

Kuna pia njia za mkato, zinazotumia mistari yenye nguvu peke yake bila kupima joto. Sizikatai kwa galaksi tajiri, maana huko hakuna njia nyingine rahisi. Ila ulinganisho uliochapishwa mwaka 2008 na Lisa Kewley na Sara Ellison ulionyesha kwamba njia mbili za aina hiyo zinaweza kuachana hadi 0.7 kwenye kipimo kile, yaani mara 5, kwa galaksi ileile. Nimewahi kuona mchimbaji akitoka na namba moja kwenye maabara ya mtaa mmoja na nusu yake kwenye maabara ya mtaa wa pili, akakesha akijiuliza nani kamwibia. Hapa tofauti ni kubwa kuliko hiyo na hakuna mwizi. Basi namba ya galaksi maskini iliyopikwa tayari kwa njia za mkato, ichukue kama uvumi wa sokoni, kisha kaa chini upime 4363 mwenyewe.

Kwa mwalimu wa kemia au fizikia wa hapa mjini naipendekeza huduma hii bila kusita. Pakua faili za galaksi 5 au 6 usiku mmoja umeme ukiwepo, zihifadhi kwenye fleshi, na darasa lako lina sampuli za muhula mzima bila intaneti. Anza na I Zwicky 18, na kabla ya kuwaonyesha wanafunzi namba yoyote, waache wakitafute kile kichuguu kwa macho yao kwenye kioo. Wangu ilimchukua robo saa, na alipokiona alikifunika kwa kidole kana kwamba kingekimbia.