Mvinyo wa Supamaketi Chini ya Shilingi 1,500: Upi Ununue, Upi Uuache Rafuni

Kwa bei ndogo, chupa inayomtendea haki mnunuzi katika supamaketi za Nairobi ni Chenin Blanc, mvinyo mweupe wa zabibu za jina hilo, ya Afrika Kusini yenye kifuniko cha kuzungusha, ambayo mavuno yake hayajapita miaka miwili. Mwenye haraka aishie hapo, akachukue chupa yake. Mwenye nafasi asome, maana pesa nyingi hupotea kwenye rafu hiyo hiyo kwa kununua jina, medali na chupa nzito.

Tuanze na bei, kwa sababu hesabu ya kodi inafundisha kuliko lebo. Tangu mwisho wa 2024, ushuru wa bidhaa kwa mvinyo nchini Kenya hutozwa kulingana na kilevi kilichomo: shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya alkoholi safi. Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 12.5 ina sentilita 9.4 hivi za alkoholi, kwa hiyo inabeba ushuru wa takriban shilingi 211, mvinyo uwe wa hovyo au wa kupigiwa mfano. Juu yake kuna VAT ya asilimia 16. Chupa ya shilingi 700 ikiondolewa kodi hizo mbili inabaki na 390 hivi, na humo ndimo utoke ushuru wa forodha, nauli ya meli, lori la kutoka Mombasa, chupa yenyewe, faida ya mwagizaji na faida ya duka. Zabibu zinaambulia chenji. Chupa ya 1,300 inabaki na 910. Umelipa chini ya mara mbili, lakini kilichobaki kwa ajili ya mvinyo na safari yake kimezidi mara mbili. Ndiyo maana tunapendekeza ukae kati ya 1,000 na 1,500. Chini ya hapo unabahatisha; juu ya hapo ubora huongezeka, ila kwa mwendo wa kobe.

Adui wa pili ni joto, na huyu hatajwi kwenye lebo yoyote. Mvinyo hupenda nyuzi 12 hadi 15. Ukikaa wiki kadhaa kwenye nyuzi 30, iwe bandarini, ghalani au juu ya rafu iliyo chini ya taa, matunda yake hupikika: harufu inakuwa ya jemu iliyoungua na mweupe unageuka rangi ya chai ya rangi. Kwa hiyo kagua chupa kabla ya kuitia kwenye toroli. Kama ni ya kizibo cha gome, pitisha kidole juu ya shingo. Kizibo kilichosukumwa juu kidogo ni dalili kwamba mvinyo ulipanuka kwa joto. Zungusha ile kofia ya bati laini iliyovalishwa shingoni: ikigoma, huenda imegandishwa na mvinyo uliovuja. Michirizi inayonata, au mvinyo ulioshuka chini kuliko chupa jirani, ni sababu tosha ya kuirudisha. Kisha usichukue chupa ya mbele. Ya nyuma haijapigwa sana na mwanga, na kwa kawaida ndiyo iliyoletwa karibuni, kwa kuwa wapangaji hodari husogeza za zamani mbele. Hili lina uzito zaidi kwa mvinyo mweupe na wa waridi ulio kwenye chupa angavu, ambayo haizuii mwanga vya kutosha.

Kifuniko cha kuzungusha bado kinadharauliwa, eti ni cha vinywaji vya bei rahisi. Kwa bei hii na hali ya hewa yetu ndicho bora. Kizibo cha gome kikisimama wima miezi mingi kwenye rafu yenye joto huweza kukauka, kusinyaa na kupitisha hewa. Tena kinaweza kuwa na ile kemikali iitwayo TCA, inayofanya mvinyo unuke boksi lililolowa. Kifuniko cha kuzungusha hakina balaa hizo, na chupa iliyobaki nusu hufungika tena vizuri.

Sasa mwaka. Kusini mwa dunia zabibu huvunwa takriban kati ya Februari na Aprili, kwa hiyo mvinyo mweupe wa mavuno ya mwaka fulani unaweza kuwa rafuni Nairobi kabla mwaka huo haujaisha. Mweupe wa bei hii hautengenezwi kwa ajili ya kuzeeka: ukipita miaka miwili tangu mavuno, uache. Mwekundu mpe mitatu. Ofa ya "nunua mbili upate moja" kwenye mweupe wenye miaka minne ni njia ya duka kusafisha ghala.

Maneno mengine kwenye lebo yanahitaji kupimwa mmoja mmoja. "Reserva" kwenye chupa ya Hispania ina nguvu ya sheria: mvinyo mwekundu wa daraja hilo umetunzwa angalau miaka 3, mmoja wapo ndani ya pipa la mwaloni. Neno hilo hilo kwenye chupa ya bei ndogo kutoka kwingineko mara nyingi ni pambo. Medali nazo: soma mwaka ulioandikwa juu ya medali na uulinganishe na mwaka wa mavuno, maana kuna medali zinazosifu mavuno ya zamani. Tundu refu chini ya chupa na kioo kizito ni gharama unayolipia bila kuinywa. Chupa za Afrika Kusini nyingi zina kibandiko kidogo chenye namba shingoni. Hicho kina maana, kwa sababu kinathibitisha eneo, mwaka na aina ya zabibu vilivyotajwa. Ikiandikwa Chenin Blanc, angalau asilimia 85 iwe Chenin kweli.

Na kabla ya hayo yote, hakikisha ulichoshika ni mvinyo. Kwenye rafu hiyo hiyo husimama vinywaji vya maji, sukari, ladha ya kutengeneza na spiriti, vikiwa vimevaa chupa ya mvinyo na picha ya zabibu. Geuza chupa usome upande wa nyuma: mvinyo halisi wa mezani hautaji maji wala ladha. Stempu ya kodi ya KRA nayo inaweza kuchunguzwa kwa simu kupitia programu ya Soma Label. Tanzania ipo Hakiki Stempu ya TRA. Sekunde chache tu, hasa ununuapo nje ya supamaketi kubwa.

Tukija kwenye chupa zenyewe, Robertson Winery ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza kwa mweupe. Bonde la Robertson, Afrika Kusini, lina udongo wenye chokaa, na Chenin na Sauvignon Blanc za huko hubaki na uchachu safi, ule unaofanya mate yatoke pembeni mwa ulimi. Chenin yake ina pera na tufaha. Kwa samaki wa kupaka inafaa kuliko Sauvignon, kwani tui la nazi linataka mvinyo wenye uzito kiasi mdomoni. Sauvignon ipelekee tilapia wa kukaanga aliyekamuliwa limau. Drostdy-Hof ni nyepesi zaidi na mara nyingi bei yake iko chini kidogo. Haikuudhi wala haikumbukwi, lakini kwa wageni ishirini inatosha kabisa.

Kwa mwekundu, bei ndogo ina hila zaidi, kwa sababu ukakasi wa maganda ya zabibu ukikosa matunda ya kuufunika unabaki kama chai iliyochemshwa kupita kiasi. Frontera ya Concha y Toro kutoka Chile hukwepa tatizo hilo kwa kuwa laini. Chagua Carmenère badala ya Cabernet Sauvignon ukiipata, ina harufu ya pilipili hoho na plamu, na kwa maharage au njegere za mchuzi inakaa vizuri ajabu. Nederburg Baronne, mchanganyiko wa Cabernet Sauvignon na Shiraz, ni mzito zaidi na ndio tungeupeleka kwenye nyama choma, hasa mbuzi. Pinotage ya KWV ina moshi unaoelewana na mkaa. Zabibu ya Pinotage ilizalishwa Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuoanisha Pinot Noir na Cinsaut, na si kila mtu huipenda: ikitengenezwa vibaya hunukia rangi ya ukutani, kwa hiyo onja chupa moja kabla ya kununua sita. Tunachokiacha bila majuto ni mwekundu wa Bordeaux, eneo maarufu la mvinyo la Ufaransa, wa bei ya chini kabisa. Jina hilo lina gharama yake, na kwa shilingi 1,300 jina limekula pesa ya zabibu. Mara nyingi huwa mwembamba na mkali.

Wapenzi wa mvinyo mtamu ni wengi, na hakuna haja ya kuwacheka. Wajue tu kusoma. "Dry" ni mkavu, sukari isiyozidi gramu 5 hivi kwa lita. "Natural sweet" ya Afrika Kusini huzidi gramu 20. Four Cousins ya kiwanda cha Van Loveren ndiyo maarufu katika kundi hili. Ikiwa baridi sana inakwenda vyema na biriani au kuku wa pilipili, kwani sukari hutuliza pilipili ilhali alkoholi nyingi na ukakasi huiwasha zaidi. Ikipata joto inakuwa sharubati.

Za kwetu zisisahaulike. Leleshwa, iliyopewa jina la kichaka cha Bonde la Ufa, hutoka Naivasha; Sauvignon Blanc yake ni nyepesi na inafaa mchana wa jua, Shiraz yake inategemea mavuno. Ng'ambo ya mpaka, Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo nchi za baridi haziwezi. Mwekundu mkavu wa Dodoma una ukali wa kijijini ambao baadhi watauona mkwaruzo, lakini ukipozwa kidogo na kuwekewa nyama ya kuchoma na ndizi unaeleweka. Dompo ni kitu kingine: mtamu, umeongezwa nguvu, glasi ndogo baada ya chakula. Anayeumimina kama mvinyo wa kawaida atajua kesho yake.

Boksi la lita 3 au 5 ni hesabu nzuri ya sherehe, kwa masharti mawili. Tafuta tarehe ya kujazwa, kwani mfuko wa ndani hupitisha hewa polepole. Ukizidi miezi 9 usinunue. Ukishafunguliwa hudumu wiki 4 hadi 6, ukikaa kwenye friji. Chupa iliyofunguliwa haina subira hiyo: mwekundu siku 3, mweupe 5, zote kwenye friji na zimefungwa.

Ukifungua nyumbani ukakuta vibonge vidogo kama sukari guru iliyosagika chini ya mweupe, usitupe. Ni chumvi ya zabibu iliyoganda kwa baridi, haina madhara. Vipovu vichache navyo si kasoro. Harufu ya kiberiti huondoka ukiuzungusha mvinyo ndani ya glasi dakika mbili. Lakini harufu ya boksi bichi, siki au gundi haiondoki: funga chupa, beba risiti, irudishe ikiwa bado imejaa. Chupa iliyobaki robo haina mtetezi pale kaunta.

Kupoza vibaya ndiko kunakoharibu hata chupa njema. Mweupe unataka nyuzi 8 hadi 10: masaa mawili na nusu kwenye friji, au dakika 20 ndani ya ndoo ya barafu iliyochanganywa na maji na konzi ya chumvi. Barafu tupu bila maji huchelewa, kwa kuwa inagusa chupa sehemu chache tu. Mwekundu unataka 16 hadi 18. Jioni ya Julai Nairobi, meza inatosha. Mombasa au Dar es Salaam, uingize kwenye friji dakika 40 kwanza, la sivyo alkoholi ndiyo itakayonukia mbele ya matunda. Friza isaidie kwa dharura tu, na saa ya simu iwe imetegwa dakika 25, kwa sababu mvinyo huanza kuganda kwenye nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri, na friza ya nyumbani hushuka hadi 18 chini ya sifuri. Ukisahaulika humo usiku kucha, utasukuma kizibo au utapasua chupa.