Hostingi ya bei poa kwa saiti isiyo na databesi, nimezihama kadhaa na hizi ndo naona zinafaa

Kabla hujatoa hela ya hostingi (yaani kulipia sehemu ya kuwekea saiti yako mtandaoni) angalia kwanza saiti yako ina nini ndani. Kama ni kurasa za HTML, CSS, picha kadhaa na JavaScript kidogo, hamna databesi hamna watu wa kulogin, basi seva (kompyuta inayowapa watu kurasa zako) ina kazi moja tu, mtu akiomba faili apewe faili, na kazi hiyo siku hizi unafanyiwa bure na kampuni zenye seva kila kona ya dunia. Mi nilikuwa sijui hilo. Nikalipia hostingi ya cPanel (ile yenye paneli ya kuendeshea kila kitu) kwa saiti ya kurasa sita, nafasi nilopewa GB 50, saiti yote nzima haifiki MB 30, sa hapo unalipia nini?

Na bei yenyewe ilikuwa ya mtego. Jina la kampuni naliacha ila mchezo ni uleule kwa wengi, bei iliyoandikwa kwa maandishi makubwa pale kwenye tangazo ni kwa anayelipa miaka mitatu kwa mkupuo, ukitaka mwezi mmoja mmoja ni bei nyingine kabisa, alafu muda ukiisha bei ya kuendelea ikapanda zaidi ya mara tatu. Kilichoniuma zaidi ni ile domeni (jina la saiti) ya "bure", nilipotaka kuondoka nikajikuta nazungushwa wiki nzima kupata msimbo wa kuihamisha, na wakati huo saiti imeshazimwa. Kwaiyo ushauri wangu wa kwanza kabisa, domeni nunua sehemu moja, hostingi weka sehemu nyingine. Ukichoka na hosti unabadilisha rekodi za DNS (maelekezo ya domeni yako inaelekea seva gani) tu, umemaliza.

Na mtu akitaka kukuuzia SSL (cheti kinachofanya anwani ianze na https, mawasiliano yawe salama) kama nyongeza, mwache. Let's Encrypt wanatoa vyeti bure kwa kila mtu, hosti anayekutoza kwa saiti ndogo hivi anakula hela yako tu.

Sa tuje kwenye zenyewe. GitHub Pages (hostingi ya GitHub, wale wanaotunza misimbo ya programu) ndo nilianzia nilipotoka kule, na bado nina saiti mbili pale. Saiti isizidi GB 1, na data inayotoka wana kikomo, kisicho kikali, cha GB 100 kwa mwezi. Usiogope hiyo namba, kama ukurasa wako una MB 2 (na hapo ni mzito tayari) ni kama mara 50,000 kufunguliwa kwa mwezi. Domeni yako unaunganisha bila kulipa na HTTPS wanakuwekea. Ubaya wake, kwenye akaunti ya bure repo (folda ya mradi wako kule GitHub) lazima iwe wazi kwa kila mtu, so usije ukaweka humo faili za siri ukadhani hazionekani. Pia ukibadilisha kitu wageni wanaweza kuendelea kuona cha zamani kama dakika 10 hivi sababu ya kashe (nakala zinazohifadhiwa kwa muda), na huna pa kuirekebisha hiyo. Na masharti yao yanakataza kuitumia kuendeshea duka la mtandaoni, hilo lisome vizuri kama unauza vitu.

Cloudflare Pages ndo ninayoipenda kuliko zote. Faili za kawaida hawahesabu data kabisa, hata saiti ikisambaa ghafla watu wakamiminika huamki na bili. Mpango wa bure unaruhusu faili 20,000 kwa saiti na kila faili lisizidi MB 25, na kujenga saiti mara 500 kwa mwezi. Kama Git (chombo cha kufuatilia na kutuma mabadiliko ya faili) hujui unaburuta folda unaiachia pale, inapanda. Ila hapa nisikilize vizuri, mradi ulioanza kwa kuburuta folda huwezi kuja kuugeuza uwe wa Git, itabidi ufungue mwingine, kwaiyo amua mapema. Na ukitaka domeni tupu bila www mbele lazima uhamishie DNS yote kwao. Mi sikuona tabu, lakini kama DNS ina mambo ya barua pepe ya ofisi nakili kila rekodi kwanza, ukisahau za MX (zinazoelekeza barua pepe) barua hazifiki.

Netlify nayo ni rahisi mno, pengine rahisi kuliko zote kwa anayeanza, na fomu ya mawasiliano wanakushughulikia wao, kitu ambacho hizo mbili za juu hazina. Vercel mpango wa bure ni kwa matumizi binafsi yasiyo ya biashara, kwaiyo saiti ya kazini usiweke.

Neocities naitaja kwa mapenzi kabisa. Bure unapata GB 1, unahariri HTML humohumo kwenye brauza, ila domeni yako mwenyewe huwezi kuunganisha mpaka ulipe dola 5 kwa mwezi, hapo nafasi inafika GB 50. Kwa anayejifunza kuandika kurasa kwa mkono sijaona pazuri zaidi ya hapo.

S3 ya Amazon (hifadhi yao ya faili) watu wanaisifia kwamba ni senti tu. Kweli, kuhifadhi ni senti, lakini anwani yake ya saiti haina HTTPS mpaka uweke CloudFront (huduma yao ya kusambaza faili) mbele, na bili inafuata matumizi, hamna kikomo unachoweka kikazima kila kitu hela ikizidi. VPS (seva ya kukodi unayoisimamia mwenyewe) ya dola 4 au 5 nayo ni sawa kama unapenda kusasisha seva mwenyewe kila wiki, kwa kurasa sita sioni sababu.

Kwangu sasa hivi, domeni ndo gharama pekee iliyobaki, saiti mpya zote nazipeleka Cloudflare Pages kwa Git, na nakala ya folda iko kwenye kompyuta yangu. Juzi nilijaribu kuhamisha moja kwenda GitHub Pages kwa mazoezi tu, ilichukua kama nusu saa na nyingi ya hiyo ni kusubiri DNS.