Milford, Kansas: kuvua nyota tano, kuwinda nyota tatu na nusu

Anayetaka kambale mkubwa Kansas bila kukodi mtu wa kumwongoza, aende Milford. Anayetaka kuwinda aende pia, ila katikati ya wiki. Mimi natoka Wichita, mwendo wa kama saa mbili kwa gari hadi Junction City, mji ulio jirani na bwawa, na sijajutia petroli yangu.

Milford ni bwawa la mto Republican, uliozibwa miaka ya 1960, na ndilo kubwa kuliko yote yaliyojengwa katika jimbo hilo la Marekani: zaidi ya ekari 15,000 za maji. Wageni wengi huishia kusini karibu na ukuta, kwenye hifadhi ya burudani ambako gari hulipiwa. Mimi hupita nikaenda kaskazini, mto unapoingilia, penye eneo la wanyamapori la umma. Huko hakuna kiingilio, lakini usitarajie starehe za kambi ya kulipia. Ni nyasi, matope, vidimbwi na miti iliyokauka. Ukizunguka upande wa kaunti ya Clay utapita palipokuwa na kijiji cha Broughton, kilichobomolewa kupisha bwawa.

Kambale ndio sababu ya safari. Wapo wa kawaida na wapo wa bluu, na hawa wa bluu wanapita pauni 50. Chambo ni shad, samaki mdogo wa humo humo ziwani, aliyekatwa vipande angali mbichi. Ini la kuku huliwa na wadogo tu. Nenda jioni, tupa pale kina kinapobadilika ghafla, kisha subiri. Akishika hakudonoi, anaondoka na fimbo. Majira ya kuchipua, samaki waitwao white bass hupanda mtoni kutaga na hapo hata mtoto hakosi kitoweo. Soma kwanza vipimo vya urefu na idadi, maana hubadilika.

Upepo ndio adui. Kansas haina mlima wa kuukinga, na bwawa lenyewe ni refu, kwa hiyo ukivuma kutoka kusini mawimbi huwa ya bahari kabisa. Boti ndogo ibaki kwenye ghuba ndogo za pembeni. Kiangazi angalia pia tangazo la mwani wa kijani-bluu: ukitangazwa, usiogelee na usimwachie mbwa anywe maji. Samaki huliwa, mradi utoe ngozi na matumbo na usuuze minofu kwa maji safi.

Sasa uwindaji. Sisi tuliokulia Kenya, ambako ulipigwa marufuku mwaka 1977, mtu mwenye bunduki porini tunamjua kwa majina mawili: askari wa wanyama au jangili. Ilinichukua muda kumsalimia mzee aliyevaa nguo za michoro ya majani na bunduki begani bila moyo kunidunda. Kumbe ananiuliza tu kama nimeona bata.

Bata wapo wengi kwenye vidimbwi vya kaskazini. Kuna kulungu, bata mzinga wa mwituni, kware na fezanti (ndege wa jamii ya kuku), na kwa fezanti unapiga jogoo tu. Nyota nilizopunguza ni za msongamano: wikendi ya ufunguzi, kabla hakujapambazuka, kila kona ina tochi. Kwa bata, marisau ya madini ya risasi (lead) hayaruhusiwi kote Marekani tangu 1991, kwa hiyo nunua ya chuma. Msimu wa kulungu kwa bunduki, vaa kofia na fulana ya rangi ya chungwa inayowaka. Aliyezaliwa kuanzia Julai 1957 kwa kawaida hudaiwa cheti cha mafunzo. Na ndugu zangu wenye viza za muda, ulizeni sheria ya silaha kabla ya kushika hata bunduki ya rafiki.

Ukiwa na watoto, chini ya ukuta kuna kituo cha kuzalisha vifaranga vya samaki. Wenye boti: kome wa pundamilia, kome wadogo wavamizi wanaosafiri na boti, wameshaingia Milford. Mwaga maji yote, kausha boti, wala usihamishie bwawa jingine vidagaa ulivyovua hapa.